Wokovu si mshahara wa jasho lako

Sisi tumelelewa katika nchi inayoheshimu jasho. Tangu utotoni tunaambiwa kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na kwamba mchumia juani hulia kivulini. Mwanafunzi anayetaka kuingia chuo kikuu sharti akeshe na vitabu. Mama mwenye kibanda cha mboga sharti adamke kabla ya jogoo kuwika ili aikute sukumawiki ikiwa bado mbichi sokoni. Baba naye hupanda matatu gizani akarudi gizani, na mwisho wa mwezi hupokea kile alichokitolea jasho.

Kwa hivyo si ajabu kwamba mtu huyo huyo, akienda kanisani Jumapili akaambiwa kuwa wokovu haupatikani kwa juhudi, hutikisa kichwa. Yaani yule asiyekosa ibada, anayetoa fungu la kumi, anayewalea mayatima wa ndugu yake na asiyegusa pombe, hana alama yoyote ya ziada mbele za Mungu kumshinda jirani anayerudi nyumbani alfajiri akipepesuka? Hii ni haki kweli?

Swali hili si la wanateolojia peke yao. Linawahusu vijana waliochoka kujaribu kuwa wema, wazee wanaoogopa kufa kwa kuwa hawajui kama wametenda ya kutosha, na hata familia zilizouza mali zao kwa kuahidiwa baraka. Leo basi tulichambue polepole. Na ikiwa wewe ni wa dini nyingine, karibu vilevile. Angalau utaelewa jirani yako Mkristo ana maana gani anaposema ameokoka kwa neema.

DENI LA KODI

Tuanze na mfano ambao mpangaji yeyote wa jijini ataufahamu. Tuseme hujalipa kodi ya nyumba kwa miezi minane. Mwezi wa tisa unapata kibarua kizuri, nawe unalipa kodi ya mwezi huo kikamilifu, tena tarehe mosi. Je, malimbikizo ya miezi minane yamefutika? Hata kidogo! Mwenye nyumba atakupa risiti ya mwezi huu, kisha atakuuliza juu ya ile mingine. Kodi uliyolipa ni wajibu wako wa mwezi huu. Haina ziada ya kufidia ya nyuma.

Ndivyo Ukristo unavyoyatazama matendo mema. Amri iliyo kuu ni kumpenda Mungu kwa moyo wote na kumpenda jirani kama nafsi yako, na amri hiyo haina siku ya mapumziko. Nikimtendea jirani wema leo, nimefanya lililonipasa leo. Sikubakiwa na akiba ya kulipia chuki ya jana. Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 17, alieleza habari za mtumwa anayetoka shambani kisha bado anamwandalia bwana wake chakula. Mtumwa huyo hangojei kushukuriwa, kwa sababu ametimiza wajibu wake na basi.

Na deni lenyewe ni kubwa kiasi gani? Katika Mathayo sura ya 18 kuna mfano wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta elfu kumi. Wengi husoma idadi hiyo na kuipita, lakini hebu tupige hesabu. Talanta moja ilikuwa sawa na takriban dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Talanta 10,000 basi ni ujira wa siku milioni 60. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, bila kula wala kuvaa chochote kutokana na ujira huo, atamaliza kulipa baada ya miaka 200,000. Sasa utaona kichekesho kilichomo katika ahadi ya mtumwa yule. Alipiga magoti akaomba apewe muda tu, naye angelipa yote!

Mfalme hakumpa muda, kwani muda haungemsaidia. Alimsamehe.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na Ukristo haupingi methali hiyo. Hausemi kwamba Mungu hufumba macho akajifanya haoni dhambi. Mfalme anayesamehe deni ndiye anayebeba hasara yake, na hiyo ndiyo maana ya msalaba katika imani ya Kikristo. Deni lililipwa, lakini aliyelilipa si mdaiwa.

CHEMCHEMI IKICHAFUKA

Sababu ya pili inagusa ndani zaidi. Ikiwa maji yamechafuka kwenye chemchemi, utaosha mitungi hadi mikono ichubuke na bado maji utakayochota yatakuwa machafu. Mafundisho ya Kikristo husema kwamba shida ya binadamu haiko katika matendo yake tu. Iko katika moyo unaoyatoa matendo hayo.

Tazama hata wema wetu. Kuna bwana mkubwa anayefika kwenye harambee akiwa amechelewa makusudi, ili atakapoingia watu wote wawe wameketi na kamera ziwe tayari. Bahasha yake husomwa kwa kipaza sauti, tena mara mbili. Pesa zile ni halali na zitajenga darasa, lakini je, alizitoa kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya jina lake? Kabla hatujamcheka, tujiulize. Ulipomlipia mpwa wako karo, hukutamani hata kidogo ukoo wote ujue? Na alipokosa kukushukuru, hukukasirika? Nyani haoni kundule.

Hapa tuwe waangalifu. Ukristo haudai kwamba binadamu hawezi kutenda lolote jema. Muuguzi anayekesha na mgonjwa ametenda wema wa kweli, awe wa dini yoyote au asiwe na dini. Mgonjwa amepata nafuu, na hilo si jambo dogo. Lakini kumfaa jirani ni jambo moja, na kuugeuza wema huo kuwa hongo ya kumfanya Mungu akuwie radhi ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, ulio katika Luka sura ya 18, huwashtua watu wa dini. Tunapenda kumfikiria Farisayo yule kama mnafiki na mwongo. Hakuna mahali tunapoambiwa alidanganya. Inawezekana kabisa kwamba alifunga mara mbili kwa juma, na kwamba alitoa sehemu ya kumi ya mapato yake yote kama alivyosema. Kosa lake ni kwamba aliingia hekaluni na orodha ya sifa zake kama mtu anayewasilisha ankara ili alipwe. Mtoza ushuru hakuwa na ankara. Aliomba rehema tu, naye ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amekubaliwa.

ZAWADI HAINUNULIWI

Sababu ya tatu ni nyepesi kueleza lakini ngumu kumeza. Mfikirie kijana anayefanya kazi jijini ambaye amerudi nyumbani kijijini baada ya miezi mingi. Mama yake amechinja kuku, amepika chapati, na amemtandikia kitanda. Baada ya kula, kijana anatoa pochi na kuuliza, "Mama, chakula hiki ni pesa ngapi?" Mama huyo ataumia sana, hata kijana akiweka mezani noti kubwa kuliko zote. Kosa lake si kutoa kidogo. Amekigeuza chakula cha mama kuwa chakula cha hotelini.

Mtume Paulo anatoa hoja kama hiyo katika Warumi sura ya 4. Anasema mfanyakazi anapolipwa, hapewi zawadi bali haki yake. Mambo mawili hayo hayachanganyiki. Ukishalipia kitu, hata senti moja, hakiitwi tena zawadi. Na mwishoni mwa sura ya pili ya Wagalatia anaifikisha hoja hiyo kwenye kilele chake: ikiwa mtu angeweza kupata haki mbele za Mungu kwa kushika sheria, basi kifo cha Kristo kilikuwa cha bure. Ukiyatafakari maneno hayo utaona kwa nini Wakristo hawawezi kulegeza kamba katika jambo hili. Likianguka hili, msalaba wenyewe unabaki bila kazi.

WALIOJARIBU KWA NGUVU ZOTE

Huenda msomaji ukasema kwamba maneno haya ni kisingizio cha wavivu. Basi tuwatazame waliojitahidi kuliko sisi sote.

Paulo mwenyewe hakuwa mvivu. Katika Wafilipi sura ya 3 anaorodhesha stahili zake: alitahiriwa siku ya nane, ni wa kabila la Benyamini, ni Farisayo, na kwa kushika sheria hakuwa na lawama. Mtu mwenye vyeti kama hivyo leo angeitwa kwa mahojiano kila mahali. Yeye anasema aliviona vyote kuwa takataka alipomjua Kristo.

Baadaye mjadala huu ulipiganiwa katika bara letu la Afrika. Mwanzoni mwa karne ya tano mtawa mmoja kutoka Uingereza, kwa jina Pelagius, alifundisha kwamba binadamu ana uwezo wa kutosha wa kuzitii amri za Mungu akiamua tu. Aliyempinga kwa nguvu alikuwa Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, na ambaye alikuwa askofu wa Hippo. Augustino aliujua udhaifu wa nia ya binadamu kutokana na ujana wake mwenyewe. Alishikilia kwamba hata ile hamu ya kumtafuta Mungu ni kipawa chake Mungu. Maaskofu waliokutana Karthago, katika Tunisia ya leo, waliyakataa mafundisho ya Pelagius mwaka 418.

Mwaka 1505 kijana mmoja Mjerumani aliyekuwa ameanza kusomea sheria, Martin Luther, aliingia nyumba ya watawa mjini Erfurt. Alifunga, alikesha, alisali na kuungama mara kwa mara hadi waungamishi wake wakachoka. Hata hivyo dhamiri yake haikutulia. Kila alipomaliza kuungama alikumbuka dhambi nyingine. Baadaye, akiwa mwalimu wa Biblia huko Wittenberg, aliusoma waraka kwa Warumi akafikia kuelewa kwamba haki ya Mungu inayotajwa humo si kipimo cha kumhukumu tu, bali ni kitu ambacho Mungu humpa anayeamini. Mwaka 1545, alipokuwa mzee, aliandika kwamba siku hiyo alijiona kama aliyefunguliwa malango ya peponi.

Nao wanafunzi wa chuo wamjue John Wesley. Huko Oxford yeye na wenzake walikuwa na utaratibu mkali wa kusali, kufunga na kuwatembelea wafungwa, hata wakapachikwa jina la Wamethodisti kwa sababu ya kupenda utaratibu. Mwaka 1735 alivuka bahari kwenda Georgia, Marekani, kuhubiri. Dhoruba ilipoichapa meli alitetemeka kwa hofu ya kifo, ilhali Wakristo wa Kimoravia waliokuwamo waliimba kwa utulivu. Alirudi Uingereza akiwa amevunjika moyo. Jioni ya Mei 24, 1738, katika mkutano mdogo kwenye barabara ya Aldersgate, London, alisikia yakisomwa maandishi ya Luther juu ya waraka kwa Warumi, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba anamtegemea Kristo peke yake. Kanisa lililotokana na juhudi zake lilifika kwetu mwaka 1862, wamishonari wake walipoanza kazi Ribe, si mbali na Mombasa.

Na katika eneo letu hili, wazee wengi wanaukumbuka ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ambao mizizi yake ilikuwa pia Uganda kwa Simeoni Nsibambi na rafiki yake daktari Mwingereza, Joe Church. Kabla ya mwongo huo kwisha ulikuwa umeingia Kenya. Jambo la kuangaliwa ni kwamba uamsho huo haukuwalenga wapagani kwanza. Uliwatikisa watu waliobatizwa, wakiwamo wahubiri na wamishonari, waliodhani kwamba wako salama kwa sababu wana majina ya Kikristo na tabia nzuri. Walikiri dhambi zao hadharani. Wengine walirudisha vitu walivyokuwa wameiba. Hawakuvirudisha ili waokoke. Walivirudisha kwa kuwa walikuwa wameokoka.

SI UGOMVI WA MADHEHEBU

Wapo wanaodhani kwamba habari hizi ni za Waprotestanti, na kwamba Wakatoliki hufundisha kuwa mtu hujiokoa kwa matendo. Hilo si kweli. Baraza la Trento, ambalo Kanisa Katoliki liliitisha kuwajibu Waprotestanti, lilitamka mwaka 1547 kwamba hakuna anayeweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu kwa njia ya Yesu Kristo. Waliyogombania ni jinsi neema hiyo inavyofanya kazi ndani ya mtu, na nafasi ya matendo baada ya hapo.

Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, wala si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Wamethodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006, na makanisa ya Kirifomati mwaka 2017. Tofauti bado zipo, lakini katika swali letu la leo, jibu la makanisa makubwa ni moja.

TUKAE TU BASI?

Sasa nalisikia swali lako: ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini nijisumbue? Si nitende nipendavyo, maadamu neema ipo?

Paulo aliulizwa swali hilo hilo, naye akalikataa kwa ukali katika Warumi sura ya 6. Yakobo naye, katika sura ya pili ya waraka wake, anasema imani isiyo na matendo ni maiti. Je, wawili hawa wanapingana? La. Paulo anazungumza na mtu anayetaka kununua wokovu kwa matendo, na Yakobo anazungumza na mtu anayejigamba kuwa na imani huku jirani yake akilala njaa. Mmoja anaonya juu ya bei, mwingine anauliza matunda yako wapi.

Mwembe hauzai maembe ili upate kuwa mwembe. Huzaa kwa sababu ni mwembe. Ukiona mti usiozaa mwaka baada ya mwaka una haki ya kushuku kama ni mwembe kweli, lakini hutaubadilisha mkorosho kwa kuufungia maembe matawini.

Mtazame Zakayo katika Luka sura ya 19. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hayo ni matendo makubwa! Lakini angalia mpangilio wa habari. Yesu alimwita kwa jina akiwa bado mtini, akasema atashinda nyumbani kwake, kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Wema wa Zakayo ulikuwa jibu. Haukuwa kiingilio.

Na mtazame yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu. Hakuwa na mikono huru ya kutoa sadaka, wala miguu ya kwenda hekaluni, wala siku nyingine ya kujirekebisha. Kama wokovu ungekuwa mshahara, yeye asingepata kitu. Aliomba tu akumbukwe, naye akaahidiwa paradiso siku hiyo hiyo. Ni neno la faraja kubwa kwa mgonjwa aliye kitandani ambaye hana tena nguvu za kufanya chochote.

WACHUUZI WA NEEMA

Mpendwa msomaji, mtu asiyelielewa jambo hili ni windo rahisi. Maadamu anaamini kwamba kibali cha Mungu kina bei, hatakosa mchuuzi wa kumtajia bei hiyo.

Mwaka 1517 padri aitwaye Johann Tetzel alizunguka Ujerumani akiuza hati za rehema. Mafundisho rasmi yalihusu kupunguziwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, lakini mwananchi wa kawaida alielewa kwamba anamnunulia marehemu mama yake nafasi mbinguni. Sehemu ya fedha hizo ilienda Roma kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro, na sehemu nyingine ilienda kulipa madeni ya Askofu Mkuu Albrecht. Ndipo Luther akaandika hoja zake 95.

Je, siku hizi wachuuzi hao wamekwisha? Washa redio au televisheni usiku. Utaambiwa upande mbegu, yaani utume pesa kwa simu, ili uponywe, upate mume au visa. Anayetuma mara nyingi si tajiri. Ni mama aliyekwisha kukopa, na asipopata jibu huambiwa kwamba imani yake ni haba, aongeze mbegu. Kutoa sadaka ni jambo jema, nayo makanisa mengi huitumia kuendesha shule na zahanati. Lakini sadaka ni shukrani. Yeyote anayekuuzia neema anakuuzia kitu kisicho chake.

Na mzigo huo unaweza kuzidi fedha. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilipatikana, ikiwamo ya watoto wadogo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi walinyongwa au kupigwa. Manusura walieleza kuwa waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama kuamua. Lakini kila familia yafaa ijiulize jinsi watu wazima, wengine wakiwa na elimu na kazi, walivyoweza kuaminishwa kwamba Mungu anadai njaa ya mtoto. Mtu aliyefundishwa vyema kwamba bei ya wokovu imekwisha kulipwa ana ngao. Akiambiwa alipe tena kwa mwili wake au wa mwanawe, atajua kwamba anayezungumza si mjumbe wa Kristo.

NYUMBANI NA SHULENI

Somo hili pia lina kazi nyumbani. Mtoto hujifunza habari za neema kwa wazazi kabla hajaisikia mimbarini. Akitabasamiwa tu alipoleta gredi ya A, na kununiwa juma zima alipoleta D, atakua akiamini kwamba pendo lolote ni la kununuliwa kwa alama, la Mungu likiwamo. Mzazi, himiza bidii, tena bila kuchoka. Kemea uvivu. Lakini mtoto asiwe na shaka hata siku moja kwamba jina lake nyumbani halimo katika orodha ya matokeo ya mtihani.

Katika mfano wa mwana mpotevu, ulio katika Luka 15, wengi wetu humsahau kaka mkubwa. Yeye hakuondoka, hakutapanya mali, alifanya kazi miaka yote. Hata hivyo siku ya karamu alibaki nje akinung'unika, akihesabu miaka aliyotumika na mbuzi ambaye hakupewa. Aliishi ndani ya nyumba ya baba yake kama kibarua, naye alikuwa mwana. Baba alitoka nje akamsihi aingie, kama alivyokuwa amemkimbilia mdogo wake njiani. Wote wawili, mwovu na mwema, waliingia kwa mlango mmoja wa kukaribishwa.

Wewe mwanafunzi, soma kwa bidii, kwani mtihani haujui neema. Nawe mfanyakazi, chapa kazi. Lakini ukipiga magoti usiku, weka ankara yako kando. Anayekungoja si mwajiri.